KIOO CHA SIMU KIONYESHE HESABU YA BIASHARA YAKO

Mkulima, tuseme wewe na wenzako katika skimu mna shauri jema la biashara. Mmelizungumza sokoni, mmelizungumza katika mkutano wa kikundi, na kila mtu amelikubali. Fedha mlizo nazo hazitoshi, na sehemu iliyobaki hapana budi mwiombe kwa Sacco, kwa benki, kwa mradi wa serikali au kwa mtu mwenye mtaji. Lakini mwenye fedha yuko Kitale mjini au Bungoma mjini, pengine yuko Nairobi, na hajapata kulikanyaga shamba lenu. Mtamwonyeshaje?

Mwaweza kumwandikia karatasi. Mwaweza pia kumtuma mwenyekiti na mweka hazina wapande matatu, wakae kwenye benchi ya ofisi tangu asubuhi, kisha wapewe dakika tano. Njia hizo mbili zingali zafaa. Lakini iko njia ya tatu ambayo vikundi vingi vyaweza kuitumia, kwa sababu chombo chake kimo mfukoni mwa kijana yeyote wa skimu. Njia hiyo ni kutengeneza filamu fupi ya kioo cha simu.

Makala haya yatakueleza namna ya kuitengeneza vizuri. Yatakueleza pia jambo lililo kubwa kuliko ufundi wa simu, yaani kwamba filamu haiwezi kuiponya hesabu mbovu.

FILAMU YA KIOO NI NINI?

Filamu ya kawaida hupigwa kwa kamera, nayo huonyesha watu, ng'ombe na mashamba. Filamu ya kioo ni tofauti. Simu au kompyuta hunasa kila kitu kinachoonekana kwenye kioo chake, na wakati huo huo hunasa sauti yako unapoeleza. Ukifungua picha, mtazamaji ataiona picha. Ukifungua jedwali la hesabu na kugusa mstari wa mafuta, ataona mstari huo ukiguswa na atakusikia ukisema kwa nini mafuta yatagharimu kiasi hicho.

Faida yake ndiyo hiyo. Mtu anayesoma karatasi yako peke yake hukutana na tarakimu, akajiuliza swali, na hakuna wa kumjibu. Katika filamu ya kioo tarakimu na jibu lake hufika pamoja. Tena aweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma, na kumwonyesha mwenzake wa kamati ambaye hakuwapo.

Shauri la kuwaeleza watu mambo ya fedha kwa picha na sauti si geni katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo kwa watu wa Afrika Mashariki. Baadhi ya sinema hizo zilihusu kilimo na kuweka akiba. Picha zilikuwa bubu, na maneno yalitiwa katika sahani za santuri zilizopigwa pamoja na picha. Sinema hizo zilichukuliwa kwa lori kutoka mji hadi mji. Leo lori, mashine ya picha na santuri vyote vimeingia katika simu moja, na anayesema si mgeni tena bali ni mkulima mwenyewe.

Na sisi wa upande huu twajua nguvu ya kuonyesha. Mahindi ya chotara ya H611 yalipotolewa Kitale mwaka 1964, maonyesho ya shambani yalisaidia sana kuyaeneza. Mkulima aliyeona kwa macho yake mbegu mpya imesimama karibu na mbegu ya zamani hakuhitaji hotuba ndefu. Filamu yako nayo iwe hivyo. Weka mambo mawili kando kando, hali ilivyo sasa na hali itakavyokuwa, kisha umwache mtazamaji apime mwenyewe.

TENGENEZA HESABU KABLA YA KUGUSA SIMU

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu wengi huanza kwa kutafuta muziki wa kutia katika filamu na rangi za maandishi. Huko ni kujitembeza. Wewe anza na daftari.

Tutatoa mfano. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Weka za kwako ulizoziuliza dukani na kwa majirani. Tuseme kikundi cha watu 24 katika skimu ya Ndalu, Tongaren au Naitiri kinataka mashine ya kupukuchua mahindi, ili kiwapukuchulie wanachama na majirani kwa malipo. Mashine ni shilingi 180,000. Kila mwanachama ametoa shilingi 2,500, kwa hiyo kikundi kina shilingi 60,000. Kinaomba mkopo wa shilingi 120,000.

Swali la kwanza la mkopeshaji ni hili: mtapukuchua magunia mangapi? Usijibu "mengi sana". Fanya hesabu hivi. Mashine hupukuchua magunia 15 kwa saa, na kazi ni saa 8 kwa siku. Hayo ni magunia 120 kwa siku. Mahindi yetu huvunwa kati ya Oktoba na Desemba, na si kila siku mashine itafanya kazi, kwa kuwa kuna mvua, kuna Jumapili, na kuna siku za kuihamisha kutoka shamba hadi shamba. Ukipata siku 25 za kazi kamili utapukuchua magunia 3,000. Sasa andika:

Mapato: magunia 3,000 kwa shilingi 70 — shilingi 210,000
Mafuta: shilingi 25 kwa gunia — shilingi 75,000
Wafanyakazi: shilingi 15 kwa gunia — shilingi 45,000
Matengenezo na vipuri — shilingi 20,000
Baki ya msimu — shilingi 70,000

Jedwali hili ni fupi, na hata mtu asiyejua mashine aweza kulifuata. Kila tarakimu ina mahali ilipotoka. Mtu akiuliza, "Shilingi 70 mmeipata wapi?" jibu liwe tayari: ndiyo bei ambayo wenye mashine wa jirani walitoza msimu uliopita, na hii hapa risiti.

USIUFICHE MWAKA MBAYA

Hapa ndipo maombi mengi yanapoanguka. Kikundi huonyesha mwaka mzuri tu, na mkopeshaji aliyekwisha kuona miaka mibaya hufunga faili.

Wazee wa skimu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mashamba mengi tunayolima yaligawanywa katika mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962. Kabla mlowezi hajapewa ploti, wapangaji walikuwa wamekwisha kuandika katika karatasi mapato ambayo ploti hiyo ingempa. Katika skimu za watu wengi lengo lilikuwa kati ya pauni 25 na pauni 70 kwa mwaka, baada ya kujilisha na kulipa mkopo. Karatasi ilikuwa safi, lakini shambani mambo yalikuwa mengine, na walowezi wengi wakabaki nyuma katika kulipa mikopo ya ardhi. Hesabu iliyopangwa kwa mwaka mzuri peke yake humtia mtu deni katika mwaka wa kawaida.

Basi katika mfano wetu, tuseme mvua ya Novemba imeendelea na mashine imepata siku 15 tu za kazi. Hayo ni magunia 1,800. Mapato yatakuwa shilingi 126,000. Mafuta yatakuwa 45,000, wafanyakazi 27,000, na matengenezo yale yale 20,000, kwa sababu mashine huharibika hata katika msimu mfupi. Baki ni shilingi 34,000, chini ya nusu ya ile ya mwaka mzuri, ingawa siku za kazi zilipungua kwa kumi tu.

Ikiwa mkopeshaji anataka deni lilipwe kwa misimu miwili, kila msimu wadaiwa shilingi 60,000, bila kuhesabu riba. Mwaka mbaya utaacha pengo la shilingi 26,000. Gawanya kwa watu 24, na kila mwanachama atalazimika kutoa karibu shilingi 1,100 kutoka mfukoni mwake.

Yaseme hayo katika filamu, wazi kabisa. Kisha useme mtafanya nini: mmekubaliana kuweka akiba ya pengo hilo kabla ya msimu, au mnaomba muda wa misimu minne badala ya miwili. Mkopeshaji akisikia kwamba mmekwisha kuupima mwaka mbaya, atajua anazungumza na watu wazima.

MAJI YALIYOMO NDANI YA GUNIA

Wengine wenu shauri lenu si mashine, bali ni kununua mahindi wakati wa mavuno, kuyaweka ghalani na kuyauza bei ikipanda. Iko hesabu moja ambayo husahaulika sana hapo, nayo ni maji.

Kipimo cha unyevu cha mahindi ya kuuza katika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 au chini yake. Ukinunua magunia 100 ya kilo 90 yenye unyevu wa asilimia 20, umenunua kilo 9,000. Ukiyakausha mpaka asilimia 13.5, zitabaki kilo 8,324 hivi, yaani magunia 92 na kilo 44. Magunia saba na nusu yamekwenda hewani, nawe umeyalipia. Anayeandika katika jedwali lake kwamba atanunua magunia 100 na kuuza magunia 100 amekwisha kupata hasara kabla ya kuanza.

Wala usiache kuyakausha ili kuuokoa uzito. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Kwa hiyo mnunuzi mkubwa atakuuliza juu ya unyevu kabla ya kukuuliza juu ya bei. Katika filamu yako onyesha picha ya kipimo cha unyevu kikiwa ndani ya mahindi yako, tarakimu zake zikisomeka.

KURASA SITA ZATOSHA

Sasa twaja kwenye filamu yenyewe. Iwe ya dakika tatu, isizidi nne. Mwenye kusikiliza maombi husikiliza mengi kwa siku moja. Tayarisha kurasa sita katika simu au kompyuta, kila moja ikiwa na jambo moja tu.

Ukurasa wa kwanza uwe picha ya shida. Katika mfano wetu ni picha ya watu wakipiga mahindi kwa fimbo, na punje zimevunjika na kutawanyika. Sema sisi ni nani, tuko wapi, na shida ni hii.

Ukurasa wa pili uwe picha ya dawa ya shida hiyo: mashine unayotaka kuinunua, na bei aliyoiandika mwenye duka.

Ukurasa wa tatu uwe jedwali la mwaka mzuri, na wa nne jedwali la mwaka mbaya. Hizi mbili ndizo moyo wa filamu, nazo zipewe nusu ya muda wote.

Ukurasa wa tano uonyeshe mliyokwisha kuyafanya. Ikiwa mlikodi mashine kwa siku mbili msimu uliopita mkapukuchua magunia 200, onyesha daftari la siku hizo. Jaribio dogo lina nguvu kuliko ahadi kubwa. Shirika la One Acre Fund, ambalo leo hufanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, lilianzia hapa hapa Bungoma mwaka 2006 na kundi dogo la familia za wakulima.

Ukurasa wa sita useme maombi: twaomba shilingi kadha, tutalipa kwa misimu kadha, na atakayejibu maswali ni fulani. Usimalize bila kutaja kiasi. Wako watu ambao huona haya kutaja fedha, wakamaliza kwa kusema "twaomba msaada wenu wowote". Mtu hawezi kukubali wala kukataa jambo ambalo halikutajwa.

KUTAYARISHA SIMU

Simu nyingi za Android za toleo la 11 lililotoka mwaka 2020, na matoleo ya baadaye, zina chombo cha kurekodi kioo ndani yake. Vuta pazia la juu la kioo kwa kidole, na utakiona kati ya alama zilizopo. Simu za iPhone zimekuwa na chombo hicho tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kabla ya kuanza, simu itakuuliza inase sauti gani. Chagua maikrofoni, la sivyo utapata picha isiyo na maneno.

Fuata mambo haya kwa taratibu:

1. Chaji simu mpaka ijae, na ufute picha usizozihitaji ili kupata nafasi.

2. Hifadhi kurasa zako zote ndani ya simu, kisha uiweke simu katika hali ya ndege. Hivyo hakuna atakayekupigia wala ujumbe utakaotokea katikati ya kazi.

3. Ilaze simu kwa upana. Jedwali husomeka vizuri likiwa pana.

4. Kuza maandishi. Ukiishika simu kwa mkono ulionyooka na bado wayasoma, yanatosha. Ikiwa ukurasa una mistari zaidi ya saba, ugawe.

5. Rekodi nusu dakika ya majaribio, uisikilize, ndipo uanze kazi yenyewe.

Ikiwa simu yako ni ya zamani na haina chombo hicho, usikate tamaa. Andika kurasa sita kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, uzibandike ukutani mahali penye mwanga, na mwenzako azirekodi kwa kamera ya simu huku wewe ukieleza na kuonyesha kwa kijiti. Hesabu njema ni njema hata kwenye karatasi.

NAMNA YA KUSEMA

Sauti mbaya huchosha kuliko picha mbaya. Usirekodi chini ya mabati mvua ikinyesha, wala karibu na kisiagi, wala kando ya barabara ya bodaboda. Chumba cha kulala ni kizuri, kwa kuwa blanketi na nguo hunyonya mwangwi. Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni.

Andika maneno yako kwanza. Yasome kwa sauti huku mwenzako akitazama saa, na ukipita dakika nne, punguza maneno, usiongeze mwendo. Kisha weka karatasi kando na useme kama unavyomweleza jirani. Kila ukifungua ukurasa mpya, nyamaza kidogo ili jicho la mtazamaji lifike kabla ya maneno yako. Gusa tarakimu unayoitaja. Usisome kila kilichoandikwa, maana mtazamaji ana macho. Wewe mweleze kwa nini tarakimu ni hiyo.

Tumia lugha ambayo kamati itaielewa. Kwa ofisi nyingi za kaunti Kiswahili chatosha. Waombapo Kiingereza, aseme yule anayekijua vizuri, lakini hesabu ziwe zile zile.

MAMBO YA KUFICHA

Filamu ikitoka mkononi mwako huwezi kuirudisha. Kwa hiyo angalia sana kioo kisionyeshe mambo haya: namba ya siri ya M-Pesa au ya benki, namba za siri zinazotumwa kwa ujumbe, salio la akaunti, namba ya kitambulisho, namba ya hati ya shamba, na namba za simu za wanachama. Ikiwa jedwali lina majina ya watu na michango yao, funika majina au uandike "mwanachama wa 1, mwanachama wa 2". Waulize ruhusa watu wote wanaoonekana katika picha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka hivyo, na hata kabla ya sheria ilikuwa ni adabu.

Ujihadhari pia na walaghai. Mtu akikupigia simu na kusema filamu yenu imeshinda, ila tumeni kwanza ada ya kushughulikia fedha, mjibu kwamba mtakwenda ofisini wenyewe. Kisha muende kweli, mkaulize kwa afisa mnayemjua.

WAONYESHE WENZAKO KWANZA

Kabla ya kuituma filamu nje, itazameni katika mkutano wa kikundi, watu wote 24 wakiwapo. Shauri hili lina uzito kuliko yote tuliyokwisha kutoa.

Katika kila kikundi wamo watu wasiosoma vizuri. Karatasi ya mkopo hupitishwa kwao, nao hutia sahihi au dole gumba kwa kuwaamini viongozi. Mkopo ukiharibika, yule mama aliyetia dole gumba hudaiwa sawasawa na katibu aliyeandika, na ng'ombe wake huweza kwenda mnadani. Filamu ya kioo humpa nafasi ya kusikia kwa masikio yake kwamba mwaka mbaya utamdai shilingi 1,100, na kusema kama anakubali. Akiuliza swali ambalo viongozi hawawezi kulijibu, shukuruni, maana ameliuliza kabla ya mkopeshaji. Rekebisheni hesabu, mrekodi tena.

Baada ya hapo mwonyeshe mtu mmoja asiyeijua biashara yenu, mwalimu wa shule au muuza duka. Mwulize mambo matatu: tunauza nini, tunaomba kiasi gani, na tutalipaje? Akijibu yote bila kusitasita, filamu iko tayari. Akikosea moja, kosa si lake.

KUITUMA

Ukituma filamu kwa WhatsApp kama video ya kawaida, programu huibana ili iwe nyepesi, na tarakimu ndogo huweza kufifia. Itume kama hati, nayo itafika kama ilivyo. Tangu mwaka 2022 WhatsApp hupokea faili la hadi gigabaiti 2, lakini faili zito humlia mwenzako bando, kwa hiyo filamu fupi ni bora. Lipe faili jina linaloeleweka, yaani jina la kikundi, skimu na mwaka. Pamoja nayo tuma ukurasa mmoja wa maandishi wenye jedwali zile mbili, kwa sababu kamati itataka kitu cha kutia katika faili.

Usidhani kwamba filamu itachukua mahali pa masharti. Mradi wa NARIGP, ulioanza mwaka 2016 na kufika Bungoma na Trans Nzoia, ulitaka vikundi viandike maombi ya miradi yao kabla ya kupata fedha. Shindano la vijana la MbeleNaBiz, lililotoa tuzo za shilingi 900,000 na shilingi milioni 3.6, lilitaka mpango wa biashara ulioandikwa. Kila mlango una ufunguo wake. Soma masharti kwanza. Filamu ni ya kuyatia nguvu maandishi yako, na kukusaidia siku utakapoitwa kujibu maswali. Kikundi kilichorekodi hesabu yake mara tatu huwa kimekwisha kuijua kwa moyo.

KUMBUKA

Hesabu kwanza, simu baadaye.
Jambo moja kwa ukurasa mmoja.
Onyesha mwaka mbaya pamoja na mwaka mzuri.
Taja kiasi unachoomba na namna utakavyolipa.
Ficha namba za siri na mambo ya watu.
Wanachama wote waone kabla mgeni hajaona.

Msimu wa mavuno haungojei mtu, na mashine iliyonunuliwa Januari itakaa mwaka mzima bila kazi. Anzeni hesabu mapema, mahindi yangali shambani, ili ifikapo Oktoba jibu la mkopeshaji liwe limekwisha kufika. Ikiwa jibu ni la kukataa, mwombeni awaeleze ni ukurasa gani ulimtia shaka. Rudini kwenye ukurasa huo, mwutengeneze, kisha mgonge mlango mwingine.